KICC: Ramani Iliyokubali Kukua

Mteja akibadili mawazo wakati zege limeshamwagwa, aghalabu kuna kitu kitabomolewa. Jumba la mikutano la KICC (Kenyatta International Convention Centre) la Nairobi liliepuka hilo, na namna lilivyoepuka inanivutia kuliko mita zake 105.

Kazi ilianza 1967. Mteja alikuwa chama cha KANU, kilichotaka makao makuu. Wachoraji walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu majengo wa serikali. Mara ikaja habari kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wangekutana Nairobi Septemba 1973, mkutano wao wa mwaka wa kwanza kufanyika Afrika. Ofisi za chama zingewaweka wapi wageni wote hao?

Bahati ni kwamba ramani haikuwa boksi moja. Awamu ya kwanza ilikuwa kitako kipana, ya pili mnara, ya tatu ukumbi mkuu wa mikutano. Mnara ni wa duara, ukumbi mdogo wa mikutano ulio kando yake una paa lililochongoka kama pia, na hakuna umbo linalolitegemea jingine ili lipendeze. Kwa hiyo ukumbi mkuu uliingia bila kuonekana kiraka.

Utamu wa hesabu uko kwenye mnara. Chukua duara na mraba wenye eneo sawa: mzingo wa duara ni mfupi kwa asilimia 11 hivi. Ukuta ukipungua, jua nalo hupata eneo dogo la kuchoma. Hapa kwetu Makandana, wilayani Rungwe, Tanzania, fundi huwaza kwanza paa na mifereji, maana mvua yetu haina mzaha. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, kikubwa ni jua la asubuhi na la alasiri, linalopiga ukuta ubavuni. Ndiyo maana madirisha yamezamishwa ndani. Lifti na ngazi zimewekwa katikati, ofisi zikabaki pembezoni penye mwanga. Upepo nao hupita ukiambaa, haukuti ubapa wa kuusukuma. Hata mgahawa wa juu, uliobuniwa uwe unazunguka, unaoana zaidi na mnara wa duara kuliko wa pembe nne.

Gharama ya duara humwangukia mwenye ofisi. Chumba huwa kipana dirishani, chembamba kuelekea katikati, na kabati la kawaida likiegemezwa kwenye ukuta uliopinda huacha upenyo nyuma. Zidisha upenyo huo kwa ghorofa 28, si nafasi ndogo.