Utabiri wa GeV 126: usifie, lakini soma masharti

Ukifuatilia habari za bozoni ya Higgs, utakutana tu na hadithi hii. Mwishoni mwa 2009 Mikhail Shaposhnikov na Christof Wetterich waliandika kwamba tungamo lake litakuwa kama GeV 126 (GeV 1 ni karibu sawa na protoni moja). Tarehe 4 Julai 2012, CERN wakatangaza chembe mpya. Leo tunajua ni kama GeV 125. Inasisimua, kweli. Lakini hebu tufungue makala yenyewe.

Hoja yao ni fupi. Lambda ni namba inayoeleza jinsi bozoni za Higgs zinavyoathiriana zenyewe kwa zenyewe, na hubadilika kadiri nishati inavyopanda. Wao wanasema mvutano wa kikwanta huivuta lambda karibu na sifuri kwenye nishati ya Planck, kama GeV 10¹⁹. Anzia hapo, shuka kwa hesabu hadi nishati za maabara, na tungamo linajitokeza.

Sasa masharti. Kwanza, njia nzima isiwe na chembe mpya. Ukiongeza uga wa pili wa Higgs, kama mifano mingi inavyofanya, unapata bozoni tano na lambda kadhaa. Hapo 126 haitoki yenyewe tena. Hata hivyo, mvutano bado ungezibana lambda hizo kule juu, na baadhi ya mifano ingekataliwa. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa ya makala: ni chujio zaidi kuliko unabii.

Pili, dimensheni za ziada zisiwe kubwa. Arkani-Hamed, Dimopoulos na Dvali walionyesha mwaka 1998 kwamba zikiwa kubwa vya kutosha, mvutano unaweza kuwa na nguvu kwenye GeV elfu chache tu. Ikiwa ndivyo, ile safari ndefu kutoka 10¹⁹ haipo, na utabiri unakosa pa kusimama. Huwezi kushangilia timu zote mbili.

Tatu, jibu linategemea sana kwaki iitwayo top: badilisha tungamo lake kwa GeV 1, na Higgs inasogea kama GeV 2. Kwa hiyo kupatia kwa tofauti ya GeV 1 si ajabu kubwa kama inavyosimuliwa.

Je, makala ni dhaifu? Hapana. Imejiweka mahali inapoweza kukanushwa. Siku bozoni ya pili ya Higgs ikipatikana, 126 itabaki kuwa bahati nzuri. Kwa hiyo mtu akikusimulia hadithi hii, muulize: kwa masharti gani?