Pongezi kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Shinyanga na Geita

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba kusali na kusoma Maandiko, zilipewa kipaumbele na maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki mwaka 1976, na katika majimbo ya Shinyanga na Geita zimekuwa shule ya imani ambayo mtoto huingia kabla hajajua kusoma. Zinastahili pongezi za dhati, hasa kwa kuwa ziliikuta kwa Wasukuma desturi ya shikome, yaani moto wa jioni ambapo wazee huwafunda vijana, zikajenga mafundisho yao juu yake.

Katika vitongoji vya machimbo ya dhahabu, ambako baba huenda akakaa maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, kwa majuma kadhaa, kazi ya kuwafunda watoto imani hubebwa na mama na bibi, na ni haki kuwaita makatekista wa kwanza, ingawa cheo hicho hawajapewa rasmi. Mtoto husoma Injili ya Dominika kwa Kiswahili, akifuata mstari kwa kidole, bibi humfafanulia kwa Kisukuma, kisha mtoto huulizwa amejifunza nini, naye hujibu mbele ya majirani bila kukatizwa. Swali hilo hujenga imani kuliko kukariri peke yake.

Parokia ziwapatie bibi hawa Biblia zenye maandishi makubwa, na akina baba, warudipo kutoka machimboni, waketi pamoja na watoto wao wasome.