Hema la Kassel: Jinsi Kitambaa cha Milimita Moja Kilivyofanywa Jengo

Ukitaka kumpima fundi wa mahema, tazama ukingo wa turubai lake. Rangi na ukubwa ni vya kumfurahisha mwenye shughuli. Ukingo ndio unaoonyesha kama aliyeshika mkasi aliuwaza upepo. Ukingo ulionyooka kutoka nguzo moja hadi nyingine hudai nguvu kubwa mno ili usilegee. Nguvu hiyo haipatikani kwa kamba za kawaida, basi turubai hubaki na ulegevu: upepo ukija linapigapiga, mvua ikinyesha linafanya tumbo la maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua ukingo wenye mita 10 kati ya pembe na pembe, uliotiwa kamba ndani ya pindo. Tuseme kitambaa kinaivuta kamba hiyo kwa nguvu ya kilo 100 kwa kila mita. Ukiruhusu kamba ipinde kuingia ndani mita 1 pale katikati, inakuwa kipande cha duara lenye nusukipenyo cha mita 13, na mvuto ndani ya kamba ni kilo 100 mara 13, yaani kilo 1,300. Ukiibana ipinde sentimita 25 tu, kwa kuogopa kupoteza eneo la kivuli, nusukipenyo kinafika mita 50, na kamba ileile inabeba tani 5. Kwa kung'ang'ania vipande vichache vya kivuli umeuzidisha mzigo wa nguzo, vigingi na mishono karibu mara nne. Mahema mengi yanayong'oka kwenye mikutano na harusi zetu yameanza kung'oka hapo, kwenye mkasi, siku nyingi kabla ya upepo wenyewe kuvuma.

Mafundi wa zamani waliijua kanuni hii kwa mikono. Kuifanya iwe elimu ya kusanifu majengo ni kazi iliyofanywa Ujerumani kuanzia miaka ya 1950, na sehemu kubwa yake haikufanyika chuoni bali katika kampuni ya kutengeneza mahema, L. Stromeyer & Co. ya Konstanz, mji ulio kando ya ziwa linalopakana na Uswisi. Kampuni hiyo ilikuwa kazini tangu 1872, na mahema ya sarakasi yalikuwa miongoni mwa kazi zake. Wakati tunaouzungumzia ilikuwa chini ya Peter Stromeyer, na aliyekuja kushirikiana naye alikuwa msanifu kijana, Frei Otto.

Otto alizaliwa 1925 katika familia ya wachonga mawe, naye akajifunza uashi. Ujanani alirusha ndege zisizo na injini, ambazo mbawa zake ni kitambaa kilichowambwa juu ya mifupa myepesi. Vita vilipokwisha alikuwa mfungwa karibu na Chartres, Ufaransa, akapewa kazi ya ujenzi kambini, mahali ambapo vifaa vilikuwa haba na kila ubao ulihesabiwa. Mwaka 1954 alimaliza tasnifu ya udaktari juu ya mapaa yanayoning'inia. Kwa hiyo alipokutana na Stromeyer alikuwa na nadharia mkononi. Alichokosa ni watu wanaojua sindano, uzi na turubai zito, na hao walikuwa Konstanz.

Kazi yao ya mwanzo iliyopata jina ni ya 1955, kwenye maonyesho ya bustani mjini Kassel. Lilitakiwa paa la kuwafunika wanamuziki kwa msimu mmoja. Walichosimamisha ni kipande cha kitambaa kizito cha pamba chenye unene wa takriban milimita 1, chenye pembe nne, kikivuka upana wa kama mita 18. Pembe mbili zinazokabiliana zilinyanyuliwa kwa milingoti. Mbili nyingine zilivutwa hadi chini na kufungwa ardhini. Kingo zote nne zilitiwa kebo ya chuma na kupindishwa ndani. Hakukuwa na mifupa ya chuma, mihimili wala boriti. Paa lote lilikuwa nguo na mvuto.

Siri ya kusimama kwake ni umbo. Fikiria mgongo wa farasi pale anapokaa mpandaji: ukiufuata kutoka shingoni kwenda mkiani unabonyea, ukiuvuka kutoka ubavu hadi ubavu unabinuka. Kila nukta ya paa la Kassel ilikuwa hivyo. Nyuzi zinazotoka mlingoti hadi mlingoti zilining'inia na kubonyea. Zile zinazotoka ardhini hadi ardhini zilipanda na kubinuka. Upepo unaolisukuma paa chini hubebwa na nyuzi zinazobonyea. Upepo unaolinyonya juu, ambao kwa mahema ndio wa hatari zaidi, hukutana na nyuzi zinazobinuka na kuzikaza. Hakuna upande ambao kitambaa kinaweza kwenda bila kuvuta nyuzi fulani, na ndiyo maana hakipigipigi. Mvua nayo haipati pa kutuama. Hilo si jambo dogo: maji yenye kina cha sentimita 10 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 100, na uzito huo huchimba shimo linaloita maji mengine mpaka mshono uachie.

Umbo hilo lilipatikanaje kabla ya kompyuta? Otto alilitafuta kwenye sabuni. Alitengeneza fremu ndogo za waya na uzi, akazichovya kwenye maji ya sabuni, akazitoa. Utando wa sabuni hauwezi kuvumilia mvuto usiolingana. Sehemu moja ikivutwa zaidi, utando hutiririka mpaka mvuto uwe sawa kila mahali na kila upande. Unachokiona ndani ya fremu, kwa sekunde chache kabla hakijapasuka, ndilo paa lenye eneo dogo kuliko yote yanayowezekana kati ya kingo hizo. Ukiweka uzi mlegevu kwenye ukingo, utando unauvuta wenyewe mpaka uwe kipande cha duara. Hesabu ya ukingo tuliyoifanya mwanzoni, sabuni huifanya bila kalamu. Picha zilipigwa, vipimo vikachukuliwa, kisha umbo likarudiwa kwa neti nyepesi kama ile ya kushonea shela, inayoweza kudumu mezani ikapimwa tena na tena.

Hapo ndipo kiwanda kinapoingia, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ugumu wote. Umbo la mgongo wa farasi haliwezi kulazwa sakafuni bila kukunjamana. Kitambaa nacho huja kikiwa bapa, kwenye jora lenye upana uliokwisha kuamuliwa na mfumaji. Lazima umbo ligawanywe kuwa vipande virefu, kila kimoja kinyooshwe mezani kwa kadiri inavyowezekana, kikatwe, kisha vyote vishonwe ili vikivutwa virudi kuwa umbo lile. Ukikata vipande vya mpira wa miguu, kila kimoja kinakuwa kipana katikati na chembamba nchani. Paa la aina hii ni kinyume chake: kipande ni chembamba kiunoni, kipana nchani, na mshono wake ni mkunjo hafifu ambao jicho halioni mpaka uweke uzi wa kunyooshea kando yake. Ukikosea sentimita 1 kwenye kila mshono, na mishono ni 20, paa zima limekosea sentimita 20. Ama halitafika kwenye pembe, ama litafika likiwa na makunyanzi ambayo hakuna kukaza kutakakoyaondoa.

Kisha kuna tabia ya kitambaa chenyewe. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, hukaa karibu kunyooka, kwa hiyo zikivutwa hurefuka kidogo. Nyuzi za mshindio hupita juu na chini ya zile nyingine, na zikivutwa hujinyoosha kwanza kabla ya kuanza kubeba. Fundi anachukua sampuli, anaivuta pande zote mbili kwa nguvu ile itakayokuwa ndani ya hema, anaandika imerefuka kiasi gani kila upande, halafu anakata vipande vyote vikiwa vifupi kwa kiasi hicho. Kipande cha mita 10 kinachotarajiwa kurefuka asilimia 1 hukatwa kikiwa pungufu karibu sentimita 10. Hema sahihi huonekana dogo likiwa bado chini. Msanifu aliyekaa ofisini peke yake na karatasi zake hawezi kuyajua haya, na mshonaji asiyeshirikishwa katika umbo hawezi kuyarekebisha. Nguvu ya Stromeyer ilikuwa kuwaweka wote wawili katika kazi moja, tangu sabuni hadi sindano.

Mwaka 1957 mjini Köln, kwenye maonyesho mengine ya bustani, walikwenda mbali zaidi. Langoni waliweka tao la bomba la chuma lenye upana wa mita 34, jembamba kiasi kwamba likisimama peke yake lingeinama ubavu. Kitambaa kilichotandazwa pande zake mbili ndicho kilicholishika lisianguke, huku lenyewe likikibeba. Jirani na hapo waliwamba hema lenye umbo la nyota juu ya uwanja wa kuchezea dansi, likipanda na kushuka kwa mawimbi kuzunguka katikati. Lilikusudiwa msimu mmoja tu wa kiangazi. Kitambaa kimebadilishwa, lakini hema la nyota bado lipo Köln mpaka leo, kwa sababu wenyeji walikataa kuliacha.

Ukubwa una bei yake, na hesabu ya ukingo ndiyo inayoieleza. Mvuto hukua sambamba na nusukipenyo. Paa likiwa kubwa mara kumi, kwa umbo lilelile na upepo uleule, kila uzi unabeba mara kumi. Hivyo kwa banda la Ujerumani kwenye Maonyesho ya Dunia ya Montreal, 1967, alilolisanifu Otto pamoja na Rolf Gutbrod, kazi iligawanywa. Wavu wa kebo za chuma, wenye matundu ya nusu mita, ulibeba nguvu zote juu ya milingoti minane, mrefu kuliko yote ukifika mita 38. Kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki kiliningʼinizwa chini ya wavu, kikabaki na kazi ya kuzuia mvua tu. Kila kitu kiliandaliwa Ujerumani, kikasafirishwa kuvuka bahari na kuunganishwa Kanada. Kipande cha majaribio cha paa hilo kilijengwa kwanza Stuttgart, nacho baadaye kikageuzwa kuwa makao ya taasisi ya Otto ya majengo mepesi.

Mahujaji wetu wanaufahamu urithi wa kazi hii bila kujua majina haya. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulizuka Mina, kwenye mahema ya mahujaji karibu na Makka, ukasukumwa na upepo mkali kutoka hema hadi hema. Watu 343 walifariki na wengine zaidi ya elfu moja wakaumia. Umbo la mahema halikuwa na kosa. Kilichowaka ni pamba. Ofisi ya Bodo Rasch, aliyefanya kazi na Otto kwa miaka mingi na aliyekuwa ameitafiti miji ya mahema ya hija, ilisanifu mahema mapya ya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa Tefloni. Kioo hakishiki moto. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zake huvunjika zikikunjwa mara kwa mara, kwa hiyo hakifai hema la kukodisha linalofungwa na kufunguliwa kila Jumamosi; kazi hiyo bado ni ya poliesta. Mina uamuzi ulikuwa kuyaacha mahema yasimame mwaka mzima, yamefungwa kwenye nguzo za kudumu, yana umeme na mabomba ya kunyunyiza maji yanayofunguka joto likipanda, na kupika kwa gesi ndani yake kukapigwa marufuku.