Njia ya Ufa Ndani ya Feleji

Anayeisifu feleji kwa ugumu wake peke yake anasifu nusu ya kazi. Mwaka 1842 ekseli ya treni ilikatika karibu na Versailles, watu zaidi ya 50 wakafa, na wahandisi wakaanza kuuchunguza kwa bidii uchovu wa chuma: mzigo usioweza kukivunja mara moja hukivunja ukirudiwa mara milioni. Watafiti Ewing na Humfrey walipochungulia kwa hadubini, mwaka 1903 wakaeleza jinsi fuwele zinavyoteleza ndani kwa ndani, michirizi ikizidi hadi ikawa nyufa. Ufa huzaliwa ndani ya chuma chenyewe, na humo ndimo fundi wa tanuri anamoutegea.

Huipasha feleji yenye kaboni kidogo kupita nyuzi 727 za Selsiasi, akaishia kabla muundo wake wa ndani haujageuka wote, kisha akaizamisha majini. Sehemu iliyogeuka huwa martensiti, ngumu. Iliyobaki ni feraiti, laini. Ufa hupenda kupita kwenye feraiti, hukwepa martensiti, hupindapinda na kuacha kuta zenye mabonde. Mzigo ukishuka, kuta hizo hugusana mapema, na ncha ya ufa ikapata sehemu tu ya mvuto. Karibu na kizingiti, mahali ambapo ufa unakaribia kusimama, husonga kwa wastani chini ya upana wa atomu kwa kila mzunguko, hivyo kila kona ina uzito. Watafiti Suzuki na McEvily walionyesha mwaka 1979 kwamba martensiti ikiizunguka feraiti, badala ya kuzungukwa nayo, kizingiti hupanda pamoja na uimara. Kwa kawaida kimoja hununuliwa kwa kingine! Mpangilio huo ndio ufundi ninaousifu.

Wapo watakaosema kwamba ufa ukishakuwa mrefu, feleji nyingi hukaribiana kwa kasi yake. Ni kweli, ila ekseli nzima huwa imekwisha kuishi sehemu kubwa ya umri wake kabla ya hapo. Pingamizi zito ni jingine: mvuto usioshuka huziweka kuta mbalimbali, na ufa mfupi bado hauna kuta za kutosha kugusana. Hilo silipingi, ndiyo sababu fundi hodari huuliza kwanza kuhusu mzigo. Kwa boliti iliyokazwa sana, afadhali ashughulikie usafi wa feleji na hesi zisizo na mikwaruzo, kwa kuwa humo mabonde ya ufa husaidia kidogo. Ekseli, inayovutwa na kubanwa kila inapozunguka, ndiyo inayostahili kupangiwa martensiti yake kwa subira.