Kuhesabu kwa Mizani

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na hesabu mbili: karafuu kwa frasila, nguo kwa korja. Frasila ni uzito. Korja ni idadi, ishirini basi, iwe merikani au kaniki. Katika kemia, gramu iko upande wa frasila na moli iko upande wa korja, ila korja hii ya atomu au molekyuli ni ya kutisha: karibu 602 ikifuatiwa na sufuri 21. Nani atakaa azihesabu? Mizani ndiyo inayotuhesabia.

Chukua magadi makavu, yaani sodiamu kabonati isiyo na maji. Sodiamu mbili, 46. Kaboni moja, 12. Oksijeni tatu, 48. Moli moja ina gramu 106. Fundi wa maabara anayetaka robo lita ya mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita huanza na kalamu: moli 0.025 mara 106, gramu 2.65. Ndipo anachota kwa kijiko na kukigonga taratibu kwa kidole, chembe zidondoke chache chache mpaka tarakimu ya mwisho itulie. Akishayeyusha, anasuuza bika na faneli mara mbili tatu na kumimina masuuzo kwenye chupa ya ujazo, kwa kuwa kilichoganda kwenye kioo nacho kilishahesabiwa. Maji ya mwisho anayadondosha tone kwa tone hadi tumbo la uso wa mmumunyo liguse mstari wa shingoni mwa chupa.

Kugawanya hata simu inajua. Kazi ni kujua kilichomo kwenye chupa ya magadi. Magadi ya fuwele, yaliyobeba molekyuli kumi za maji, yana gramu 286 kwa moli. Asiyesoma lebo akapima 2.65 zilezile ataambulia moli 0.0093, theluthi na ushei ya alizokusudia, na mizani haitamwonya; yenyewe imesema kweli.

Hata mabingwa wa kemia waliwahi kukwama, tena kwenye uzito wenyewe wa atomu. Kuna walioipa oksijeni uzito wa 8, kuna walioipa 16, na fomula ya maji ikategemea unamuuliza nani. Mwanasayansi Mwitaliano Avogadro alishatoa ufumbuzi mwaka 1811. Ilibidi Mwitaliano mwenzake, Cannizzaro, autetee upya kwenye mkutano wa wanakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, Avogadro mwenyewe akiwa ameshafariki.

Nami naipenda zaidi hesabu hii ya moli ikitoka nje ya maabara. Ziwa Magadi, Kenya, huchimbwa trona: sodiamu kabonati, sodiamu baikabonati na maji katika fuwele moja, gramu 226 kwa moli. Ikichomwa, moli mbili hutoa moli tatu za magadi makavu, mvuke na hewa ukaa vikapaa zao. Zinaingia 452, zinatoka 318, ziwe gramu au tani. Zikitoka 290, huenda trona ilipimwa ingali na majimaji, au kuna inayopeperuka na vumbi. Zikitoka 340, ama ina matope, ama moto haujamaliza kazi.