Wazee wa ndiva, hongereni

Likizo ya Juni ikifika, mzazi wa Same asihangaike kutafuta pa kuwapeleka watoto: awapandishe milimani kwa wazee wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalokinga maji ya mfereji usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na kila shamba hupata maji kwa zamu. Hesabu tamu kuliko ya darasani, nasema mimi. Tope likijaa, huzolewa kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe yake. Kivulini, waulizeni wazee habari za mbiru, kodi iliyowateremsha maelfu ya Wapare hadi Same mwaka 1945, wakaikataa katakata. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu. Wazee wanasimulia bure, na chai wanawakaribisha.