Vyombo Nje, Dawa Mezani

Kuna kazi mbili za foto zifaazo kutazamwa pamoja. Ya kwanza ni kitabu cha Mmarekani Peter Menzel, Material World, kilichotoka mwaka 1994. Yeye na wenzake walizunguka nchi 30. Katika kila nchi walichagua jamaa moja ya hali ya kati, wakaiomba itoe vyombo vyake vyote nje na kukaa kati yake. Ya pili ni Home Pharma ya Mwitalia Gabriele Galimberti. Humo jamaa za nchi nyingi wamepanga mbele yao dawa zote za nyumbani.

Kwa Menzel, jamaa ya Mali imekaa juu ya dari la udongo pamoja na vyungu vyake. Ile ya Kuwait ina magari, na kiti kirefu ajabu. Mtu hustaajabu kwanza, kisha huanza kuhesabu. Hapo ndipo tunapoona hatari, maana hesabu hugeuka upesi kuwa hukumu: huyu ni mtu, yule maskini tu. Heri wapiga foto waliuliza pia kila jamaa inapenda kitu gani kupita vyote. Wale wa Texas, penye wingi wa vitu, walitaja Biblia. Swali hilo lilitufundisha kuliko viti vyote.

Lakini foto za Galimberti zatugusa zaidi. Kiti kizuri huwekwa mgeni akione, dawa hufichwa. Anayeweka mezani vidonge vya usingizi au vya moyo amekuonyesha hofu yake ya usiku.

Hata hivyo, tuseme kweli, kamera huona kile tu kinachobebeka. Meza yenye dawa chache, je, ni ya wazima au ya wasio na fedha? Foto peke yake haijibu. Majani machungu yaliyo nyuma ya nyumba hayamo, wala akili ya bibi anayejua kuyachemsha. Hakimo kidonge kilichoombwa kwa jirani, wala deni la dukani. Tena meza iliyojaa haionyeshi kama watu wale wanapona, au wananunua tu.

Atakayepata kitabu cha Menzel asome kwanza maelezo ya kila jamaa, ndipo atazame vyombo. Na mbele ya dawa za Galimberti asipite haraka: atafute nyuso za wazee.